Pua ya Mama wa Bidon

Mama anayetuuzia bidon, yale madumu ya plastiki yaliyokwisha kutumika, katika soko la Kasongo huanza na mchanga. Bidon zinamfikia kwa pikipiki kutoka Salamabila, tupu, zilizokuwa zimebeba dawa za machimbo, mafuta, na vingine Mungu ndiye anajua. Anasugua kwa mchanga na majivu mpaka etiketi yenye maandishi asiyoyaelewa itoke yote, maana wateja wanapenda bidon inayong'aa. Ncha za vidole vyake zimebabuka, zimekuwa nyeupe. Kisha anafungua kifuniko, anafumba macho, anaweka pua kwenye mdomo wa bidon na kuvuta pumzi polepole. Ikinuka, anaiweka kando. Isiponuka, ni ya maji ya kunywa. Nilipomwambia redio imesema mataifa yamekutana tena juu ya plastiki, yakaachana bila kukubaliana kupunguza inayotengenezwa wala kutaja dawa zilizomo, alicheka kidogo. "Waandike tu kwa luga yetu ndani iko nini," alisema, "mi nipumzishe hii pua."

Jana nilikuwa nachagua bidon, mwenye pikipiki mmoja akaangusha chupa ya esansi, petroli ya pikipiki yake, ikapasuka miguuni mwetu. Watu wote walirudi nyuma wakiziba pua. Yeye peke yake alibaki ameinama juu ya bidon yangu, macho ameyafumba, akivuta pumzi polepole. "Beba, mwanangu," akasema. "Hii haina harufu hata kidogo." Niliipokea. Nyumbani tunazo saba, zote alizinusa yeye, na watoto walikuwa wanangoja maji.