Mayai ya Wasichana Yanaliwa na Wazee wa Kamati

Wasomaji wenzangu, mhariri amekubali kulificha jina langu, kwa hivyo leo nasema yote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, mpishi wa shule ya misheni huku upande wa Bungoma. Upishi nilijifunza Kitale, jikoni kwa mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi. Nina hasira kweli kweli.

Nilipoajiriwa nilikuta watoto wanalishwa ugali na maharagwe kila siku ya Mungu, wengine wanasinzia darasani. Nikapanga zamu ya vyakula: leo viazi vitamu na maziwa, kesho ugali na kunde, siku nyingine dagaa, na wiki ikiisha nageuza. Mayai tu ndiyo hayahami Jumatano, kwa sababu siku hiyo akina mama wanapita kwenda sokoni na kila mmoja anatuachia mawili matatu.

Sasa, desturi yetu mnaijua: msichana hali kuku wala yai. Wazee wa kamati ya shule wakaniita. "Mama, wasichana wasiguse mayai. Nani atawaoa?" Nikasema sawa, basi niwapikie kunde. Wakakataa, ati kuni hazitoshi vyungu viwili. Basi Jumatano wasichana wanakula ugali kwa chumvi.

Na mayai yao je? Ati yasiharibike! Wazee hao hao, ambao siku ya kunde huwaoni hata kwa dawa, Jumatano wanafika wote "kukagua shule." Wanakagua nini, bana? Wanakaa jikoni kwangu, wanakula mayai ya watoto, wanapangusa midomo, halafu wanasifu masomo. Hata haya hawana! Na mwenyekiti wao ni mume wangu.

Binti yetu anasoma hapo hapo, darasa la tatu. Juzi alianguka uwanjani. Dresa wa zahanati, yule msaidizi wa daktari, akamwangalia macho, akasema damu imepungua, apewe mayai. Nikamweleza mume wangu nikidhani moyo utamuuma.

"Ukimpa yai," akasema, "namtoa shule siku hiyo hiyo. Nitakaa vipi mbele ya wenzangu?"

"Na hilo unalokula wewe ni la nani?"

"Usinijibu hivyo, mama. Mimi ni mwanaume."

Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sijalala naye kitanda kimoja tangu siku hiyo, na sijuti.

Wenzangu, hapo ndipo nimekwama. Nikimpa yai, anapoteza masomo, na mimi niliyenyimwa shule najua uchungu wake. Nikimnyima, mtoto anazidi kudhoofika, na Jumatano ni mimi mwenyewe nitakayemenya yai lake na kumwekea babake sahanini, mtoto akiniangalia. Ninyi mlio na mabinti, niambieni, nifanyeje?