Farasi Ishirini na Nne Wamegeuka Kumi

Wewe kijana unayeuza injini kuukuu hapa Mai Mahiu, nani alikufundisha kubonyeza simu kabla ya kufikiri?

Leo mimi bibi kizee nimeenda kutafuta injini ya posho mill yangu, mashine ya kusaga. Ikiwa na nguvu chini ya farasi kumi na tano, mahindi hayasagiki.

Kijana akasema nguvu ya kuzungusha ni 26, mkanda unakula 5, zidisha kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, gawa kwa 5,252 ili kupata farasi. Akaandika yote kwenye simu kwa mstari mmoja. Simu ikasema farasi karibu 24.

"Shosho, hii itasaga hata mawe!"

"Umetoa ile 5 kwanza?"

"Shosho, hiyo ni hesabu ya wasomi."

Wasomi gani? Niliacha shule darasa la tatu, lakini nikipima mahindi natoa uzito wa gunia tupu kwanza, ndipo nazidisha.

Akarudia kwa hasira: 21 mara 2,500, gawa kwa 5,252.

Farasi kumi!

"Aki shosho, nilisahau mabano. Simu imezidisha kwanza."

Usisingizie simu!

Mafundi wenzake walicheka mpaka spana zikaanguka. Na nyinyi mnaonisoma mngenunua tu, si ndiyo?

Kijana, nitafutie ya farasi kumi na tano, na hesabu uipige nikiwa nimesimama hapo.