Karatasi ya Thelathini na Mbili

Vuteni viti karibu, na mwenye chai anywe kabla haijapoa, maana habari ya Faraj Rehani haisimuliwi mbio mbio. Wengi wenu mnamjua kwa sura. Ni yule mzee mrefu wa nyumba ya tatu kutoka bombani hapa Walukuba, Jinja, anayetembea mgongo wima kama mtu anayekaguliwa. Sisi tunamwita Baba Faraj. Lakini kule Mbale, alikokuwa akishinda tangu Jumatatu hadi Ijumaa, hakuna aliyelijua jina hilo. Huko alikuwa Kapteni Wandeba.

Jina hilo la pili alilipata mwaka 1987, akiwa na miaka kumi na tisa. Kuwa Mnubi siku zile ilikuwa kesi isiyo na hakimu. Babu zetu waliletwa huku na jeshi kutoka Sudan, wakazaa kambini, wakazikwa kambini. Na utawala wa wanajeshi ulipoanguka, watu walitudai damu yote iliyomwagika, hata tuliokuwa bado tunanyonya. Kaka yake Faraj aliteremshwa kwenye basi kwa sababu ya jina lake, na basi likaendelea na safari bila yeye. Hakuonekana tena.

Faraj naye hakujua kazi nyingine ya kutamani ila uaskari. Akaenda kujiandikisha pamoja na rafiki yake, Mgisu mmoja Mwislamu aitwaye Wandeba, mtoto wa kijiji kilichoning'inia kwenye mteremko wa mlima Wanale, juu ya Mbale. Karani alipomuuliza Faraj, "Na wewe, kwenu wapi?" Wandeba akajibu haraka, "Huyu ni ndugu yangu, Afande. Tumelala mkeka mmoja." Karani akamwandika naye Wandeba, wa kijiji kile kile, na hakuna aliyepanda mlima kwenda kuuliza. Miaka miwili baadaye Wandeba aliuawa vitani huko kaskazini. Faraj alimfukia kwa mikono yake, akabaki na jina lake na kijiji chake.

Tangu hapo alijizoesha jambo moja: karatasi yoyote yenye neno Mnubi, aliichoma. Barua za shangazi, kadi za harusi, hata risiti ya mchango wa msikiti. Mkewe, Fatumah, alizoea kusema, "Kumbukumbu za nyumba hii zote ziko kwenye sigiri yangu. Mkitaka kujua ukoo wetu, chekecheni majivu."

Alipostaafu, chuo kikuu kimoja cha binafsi cha Mbale kilimpa kazi ya kuendesha mpango wa kuwaandaa wanafunzi wanaotaka kuwa maofisa wa jeshi. Vijana walisoma shahada zao kama kawaida, huyu ujenzi, yule uuguzi, lakini alfajiri walikuwa mali ya Kapteni. Aliwakimbiza hadi chini ya Wanale na kurudi. Jumatano jioni waliingia kwata na bunduki za mbao alizochongesha kwa seremala wa mjini. Ijumaa asubuhi aliwafundisha sheria za vita: mateka hapigwi, mwenye bendera nyeupe hapigwi risasi. Amri zote alizitoa kwa Kiswahili, na wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza.

"Asadu! Nimesema nyuma geuka, wewe unakwenda wapi?"

"Afande, mguu yangu inajua. Kichwa ndiyo haijui."

"Basi leo kichwa kitakimbia raundi tatu, mguu utakingoja hapa."

Walicheka, na Asadu alikimbia. Walimpenda. Aliwajua mmoja mmoja, nani analala njaa, nani amefiwa, na alikuwa hapigi kelele pasipo sababu.

Katika kundi la mwisho walikuwa thelathini na wawili, na aliyewapita wote alikuwa msichana wa hapa hapa kwetu, Nasiba, wa masomo ya ujenzi. Mama yake ni Sharifah, yule mjane anayekaanga gurusa, mikate myembamba ya kwetu, asubuhi karibu na soko. Nasiba amekua akitazama magari ya maofisa yakipita kwenda chuo cha jeshi cha Kimaka, anayapigia saluti na mwiko mkononi, mama yake anamfokea kwa unga unaomwagika. Alitaka kitu kimoja duniani: aitwe kwenye kozi ya uofisa.

Alijua siri ya Kapteni, angekosaje kuijua? Lakini miaka mitatu kule Mbale alisimama wima mbele yake akasema "Afande Wandeba" bila hata jicho kucheza. Jumamosi hapa Walukuba akimkuta njiani alisema, "Salaam aleikum, Baba Faraj." Hawakuwahi kulizungumza.

Sasa, utaratibu wa fomu ulikuwa hivi. Kila mwanafunzi aliandika rasimu kwa mkono: jina, kabila, kijiji cha asili, baba, babu. Kapteni alizichapa zote kwenye kompyuta ya ofisi, kisha wakapanga foleni wakaweka sahihi ukurasa wa mwisho. Rasimu zilibaki ndani ya sanduku la faili. Baadaye kamati ya uteuzi ilituma watu vijijini kuhakikisha.

Alipofika kwenye rasimu ya Nasiba alimwita ofisini.

"Hapa kwenye asili umeandika nini?"

"Mnubi, Afande. Walukuba, Jinja."

Faraj alinyanyuka akafunga mlango. "Mwanangu, ungeandika kwingine. Waislamu wako wengi huku milimani, hakuna atakayeshangaa."

"Baba Faraj," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo mjini Mbale, "babu yangu amezikwa Jinja. Nikimhamisha, nitamwambia nini?"

"Wafu hawasomi fomu."

"Walio hai wanasoma."

Faraj akacheka, akamwambia haya, nenda. Lakini akili yake ilikuwa kwenye lile basi. Alimwona Nasiba akiteremshwa. Akakaa mbele ya kompyuta, akachapa kabila Mgisu, na kijiji akaweka kile kile kilichomwokoa yeye, cha Wandeba. Siku ya kusaini Nasiba aliweka sahihi bila kufungua kurasa za mbele. Afande amesema saini, unasaini. Na ile rasimu Faraj aliikunja, akaja nayo nyumbani, akaitia kwenye sigiri Fatumah akipika maharagwe.

"Unachoma nini?"

"Taka."

Watu wa kamati walipanda Wanale. Kule juu mwanamume hutambuliwa kwa mwaka aliotahiriwa, na nani alisimama mbele yake kwenye mstari na nani nyuma. Wazee waliulizwa juu ya Rajabu, baba yake Nasiba. Wakaulizana. Alisimama mwaka gani? Alisimama na nani? Kaburi la babu yake liko shamba la nani? Hakuna aliyekuwa na jibu. Rajabu alitahiriwa Walukuba akiwa na siku arobaini.

Nasiba aliitwa mbele ya kamati, katika ukumbi mmoja wa Mbale, siku ya Alhamisi. Faraj alingoja nje uwanjani. Alipotoka, msichana alisimama wima akapiga saluti kama kawaida.

"Wanasema nimedanganya, Afande. Nimewaambia niliandika Walukuba. Wamenionyesha sahihi yangu." Akashusha mkono. "Wamenipa hadi Jumatatu nijieleze. La sivyo jina langu linafutwa, na halitapokelewa tena maisha."

"Wamekuuliza kijiji hicho ni cha nani?"

"Wameuliza mara mbili. Nimesema sijui."

Nasiba akauliza polepole, "Ni wewe?" Faraj akainamisha kichwa, naye Nasiba akageuka nyuma kwa hatua zile zile alizofundishwa, akaondoka.

Jumamosi Faraj hakula. Fatumah, aliyekwisha kusikia habari, aliondoa sahani, akarudi na kuketi mbele yake.

"Zile taka ulizochoma siku ya maharagwe. Zilikuwa za mtoto wa Sharifah?"

"Nilitaka kumwokoa."

"Umwokoe na nani? Wewe ulidanganya upate kuishi, Faraj, mimi sikukulaumu hata siku moja. Yeye alikuwa anaishi tayari."

"Nikienda kusema, watafungua faili langu pia. Kazi itakwenda, pensheni itakwenda. Pengine na jela."

"Najua. Kanzu ya Jumatatu nimeipiga pasi." Ndivyo alivyomjibu.

Jumatatu Faraj alisimama mbele ya kamati. Mwenyekiti alikuwa Kanali mmoja, mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano. Faraj alieleza yote: 1987, mkeka mmoja, kompyuta, kijiji. Wakamsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Kanali alivuta sanduku la faili karibu.

"Rasimu za vijana wako ni hizi. Nimezihesabu, thelathini na moja. Ya thelathini na mbili iko wapi?"

"Niliichoma, Afande."

"Hizi zote umezitunza. Hiyo moja umeichoma. Kwa nini?"

"Mazoea."

"Mazoea." Kanali alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumwekea huruma asipaone. "Mzee, wiki jana tumewapitisha vijana wawili wa Bombo. Wameandika Mnubi, kabila la babu zao, wazi wazi. Hakuna aliyewauliza swali. Hata katiba inawataja, hukusoma?"

Miaka yote hiyo Faraj alikuwa akiuogopa ulimwengu uliokwisha kupita.

"Sasa unaniambia umelidanganya jeshi tangu sijaanza shule," Kanali akaendelea, "halafu unataka niliamini neno lako hili moja, bila karatasi. Nitajuaje kwamba si Mnubi anamfunika Mnubi mwenzake? Ungekuwa na ile rasimu, binti huyu angekwenda kozi kesho. Mwandiko wake ungemtetea."

Jina la Nasiba lilifutwa. La Faraj nalo, kule chuoni, siku hiyo hiyo. Pensheni imesimama, na kesi ya nyaraka za uongo bado inaahirishwa. Kila mwezi anapanda Mbale kusikia tarehe nyingine. Zile bunduki za mbao, nasikia, wapishi wa chuo wamezipasua kuni.

Alikwenda kwa Sharifah kuomba radhi. Mama yule alimwekea gurusa na chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, kisha akaenda kukaa chumbani mpaka Faraj alipoondoka.

Nasiba sasa anashika stoo katika duka la vifaa vya ujenzi la mfanyabiashara aitwaye Ajay, huko mjini. Kila asubuhi anapita mbele ya baraza la Faraj, mgongo wima.

"Salaam aleikum, Baba Faraj."

"Waaleikum salaam, mwanangu."

Mzee hubaki amenyanyua uso, akingoja neno la pili. Haliji.

Siku moja alimfuata hadi bombani na karatasi mkononi. Alikuwa ameiandika fomu ile upya kutoka kichwani, mstari kwa mstari: jina, Mnubi, Walukuba, Rajabu, babu. "Ni kama ulivyoandika mwenyewe," akamwambia. "Sijabadilisha kitu."

Nasiba aliisoma yote, akiwa amesimama, mitungi ya watu imepanga foleni pembeni.

"Kijiji ni sawa," akasema. "Mwandiko si wangu."

Akamrudishia, akaenda kazini. Faraj alirudi barazani. Sigiri ilikuwa inawaka, Fatumah amebandika maji. Aliishika ile karatasi juu ya makaa kwa muda, mkono wenyewe ukijua njia, kisha akaikunja akaitia mfukoni mwa shati. Anatembea nayo hadi leo. Ukimkuta na shati limelowa jasho, utaiona kupitia kitambaa.