Brave, bravery, bravely: babu yangu aliyemwachia mdogo wake dawa ya Maji Maji

Wakuu, habari za huko mliko. Mkubwa kwangu humu, kama yupo, shikamoo. Nasema kweli tupu, umri huu uongo sina pa kuupeleka.

Nianze mbali. Shule niliishia darasa la tatu. Nguruwe alikula daftari langu, mwalimu akanichapa akidhani namdanganya, sikurudi. Nguruwe tumwache, ila Kiingereza kilinipita hapo.

Juzi mjukuu wangu Neema, yuko form two, alikuwa anakariri: brave, bravery, bravely. Nikamuuliza ndiyo nini.

"Babu nawe! Brave ni mtu alivyo. Bravery ni ushujaa wenyewe. Bravely ni namna anavyofanya. Nipe mtu wa mfano."

Nikampa mdogo wake babu yangu. Habari hii alinipa bibi, mke wa babu.

Maji Maji ilipofika huku Songea, ndugu hao wawili walikwenda kunywa dawa. Kila mtu na fungu lake. Babu akamwambia mdogo wake, "Kunywa na langu, risasi zikukose mara mbili."

Dogo akanywa. Kwa kuwa ana dawa maradufu, akatangulia mbele. Babu, tumboni hana dawa, akabaki nyuma.

Bunduki ya Mjerumani mnaijua.

Aliyekunywa mara mbili akafa. Asiyekunywa akarudi nyumbani.

Neema akaandika brave, bravery, bravely, yote kwa marehemu. Akauliza, "Na babu yako?" Akanisomea mstari wa chini: guilty, guilt, guiltily. Akanieleza: mwenye hatia, hatia yenyewe, kwa hatia.

Nikamwambia hapo usiandike kwanza.

Maana mama yao wale ndugu wawili hakumlaumu babu hata siku moja. Mjerumani alichoma maghala, njaa ikaingia. Mama mtu akipika kile kidogo anatenga mafungu mawili, anamsogezea babu yote. "Kula na la mwenzio."

Kila siku hivyo. Mimi nadhani matusi yangekuwa nafuu.

Nilichojifunza: unayempenda usimpe kinga yako halafu ukamtanguliza. Wenye Kiingereza humu, nisaidieni, babu aandikwe nani? Neema anangoja na kalamu.

Bibi alikuwepo siku ya mwisho ya mafungu hayo, amembeba baba yangu mgongoni. Mafungu mawili yamewekwa. "Kula na la mwenzio."

Babu akanawa mikono. Hakugusa chakula. Akasimama, akashika njia ya Lusewa, mikono bado inachuruzika maji, wala hakurudi tena.