Kifua cha Jumamosi

Kwa miaka mingi Metwalli, fundi magodoro wa Mahalla, mji wa pamba huko Misri, aliamini kwamba kinachomuumiza ni kupumzika.

Na alikuwa na sababu. Siku sita za wiki aliketi mbele ya milango ya watu na upinde wake mrefu wa kuchambulia pamba, akiupiga uzi wake kwa nyundo ya mti mpaka pamba iliyogandamana ikafumuka na kuwa nyepesi kama mvuke. Ijumaa aliswali, akala bata na mkewe Insaf, akalala. Jumamosi adhuhuri kifua kilimbana kana kwamba kimefungwa kamba. Jumapili kamba ililegea. Jumatatu akawa anaimba kazini.

"Ijumaa ndiyo inayoniua," alimwambia Insaf. "Sipumziki tena."

"Baba Hind, sema tu umechoka kula na mimi."

Akafanya kazi Ijumaa baada ya Ijumaa. Jumamosi zikatulia kweli, naye akatembea mtaani kama mtu aliyegundua nyota mpya. Kisha kamba ikarudi, safari hii bila kuchagua siku, na Insaf akamburuta kliniki ya kifua.

Daktari Nirmin alimpa dawa ya kuvuta na kibomba cha plastiki cha kupima pumzi. Metwalli akapuliza, mshale ukapanda, ukakwama kwenye rangi ya njano. Akapuliza tena. Akakigeuza kibomba, akakichungulia ndani, akauliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani.

Aliporudi mwezi uliofuata, daktari alimuuliza, "Dawa unavuta kila siku?"

"Nikibanwa."

"Na usipobanwa?"

"Daktari, nani anakula bila njaa?"

"Hii si chakula, Fundi. Hii ni kufagia nyumba. Unafagia hata kama mgeni haji."

Hapo Metwalli akamweleza shida yake yenyewe. Binti yake Hind anaolewa. Godoro la bibi harusi litapigwa mbele ya nyumba, wanawake wakipiga vigelegele, na mtaa mzima utatazama kama baba ndiye aliyeshika upinde. Akamweleza na siri ya Ijumaa, akitegemea kuchekwa.

Daktari hakucheka. Alivua miwani. "Endelea."

Alipomaliza, daktari akasema, "Wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi hunisimulia hayo hayo. Vumbi la pamba ukishinda nalo kila siku, kifua hulizoea kidogo. Ijumaa kinasahau. Jumamosi kinalipokea kama mgeni mkorofi. Wewe ulipoacha kupumzika hukukitibu. Ulikizuia kulalamika, nalo vumbi likaendelea kukila."

"Sikubali."

"Usikubali. Jaribu. Wiki mbili usiguse pamba, vuta dawa asubuhi na jioni, upulize kibomba. Kisha uje uniambie wewe."

Akashona foronya tu, dirisha likiwa wazi. Jumamosi ya kwanza alikaa tangu adhuhuri akiingoja kamba, mkono kifuani.

"Imekuja?" Insaf akauliza toka jikoni.

"Bado."

Haikuja. Jumamosi ya pili pia haikuja, na mshale ukapanda mpaka kwenye kijani, ukatulia pale. Metwalli aliutazama kwa muda mrefu. Alifurahi, na moyo ukamuuma, maana sasa alijua wa kuachana naye si Ijumaa, ni pamba.

Siku ya godoro, upinde ulishikwa na Fathallah, fundi ambaye Metwalli alikuwa amemsema vibaya nusu ya maisha yake. Pamba ilipaa, vigelegele vikapaa. Baba wa bibi harusi aliketi ng'ambo ya barabara, upande upepo unakotoka.

"Fathallah! Unapiga pamba au unapapasa paka?"

"Njoo upige wewe!"

"Pale kona umeacha donge! Binti yangu atalalia jiwe?"

"Mzee, ukiwa na pumzi ya kunitukana hivi, basi umepona!"

"Sijapona. Kifua hiki hakiponi, kinalelewa. Jumanne nina zamu yangu kliniki. Haya, donge!"

Fathallah akatoa donge. Godoro lilipokwisha kujazwa na kufungwa, na vumbi kutua, Insaf alivuka barabara, akamkabidhi mumewe sindano ndefu na uzi mwekundu. Metwalli akainama, akaanza kushona pindo, polepole, akivuta hewa kwa pua, kila mshono na pumzi yake.