Mtungi wa Gesi Uliovaa Sweta

Nyumbani kwetu Msambweni mtungi wa gesi una sweta. Ni sweta la zambarau lenye mstari wa manjano kiunoni, nami nimeliacha wazi juu ili shingo ya mtungi ipate kutokeza. Wageni wakija huuliza kama mtungi unasikia baridi. Mume wangu huwajibu kwamba tangu uvikwe haujalalamika.

Si mtungi peke yake. Redio ina koti, chupa ya chai ina kanzu, birika lina kofia, na rimoti ya televisheni ina mfuko wake, ambao nitaueleza mbele kwa kuwa uliniletea fedheha. Mtu asiyejua atadhani nimepungukiwa na akili. Wanaojua wanadhani hivyo pia, ila wao wanajua na sababu.

Kufuma nilijifunza nilipokuwa nikifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja kule Diani. Nilikuwa nimepanga chumba Ukunda, na mlango wa pili alikaa mama mmoja kutoka bara aliyekuwa akifuma sweta za shule. Kila jioni alitoa kigoda chake nje akafuma, nami nikakaa mlangoni kwangu nikamtazama. Siku moja akaninyoshea sindano mbili na donge la uzi, akaniambia, "Shika, mama. Macho yako yananichosha." Hayo ndiyo masomo niliyoyapata. Mengine yote nimeyapata kwa kukosea na kufumua.

Kufuma sufu pwani ni adha. Kunapokuwa na joto uzi hunata vidoleni, na mtu hulazimika kunawa na kujipaka poda kabla hajaendelea. Hata hivyo nilipenda, na ninapenda mpaka leo. Hotelini nilipiga pasi mashuka ya wageni, kesho yake mashuka yaleyale yakarudi yamekunjamana. Nyumbani nilipika chakula, kikaliwa, nikabaki na sufuria la kusugua. Kilichofumwa ndicho pekee kilichobaki kama nilivyokiacha.

Wala sikukosa wa kuwafumia. Huku kwetu jua linaweza kuwa kali mpaka mbuzi wakaacha kula, lakini mtoto mchanga atavikwa kofia ya sufu, soksi za sufu na shali juu yake, na mama yake atauliza kama hapigwi na upepo. Jambo hili madaktari wamelisema wakachoka. Kwa hiyo kila kulipozaliwa mtoto mtaani, nilipeleka kofia na soksi. Nilipeleka baada ya kuzaliwa. Nasisitiza hapo, maana kisa chote kimekaa hapo.

Kwetu mtoto hatayarishiwi nguo kabla hajaja. Hakuna anayekaa kitako kufundishwa jambo hili. Mtu hulijua kwa kukemewa. Ukimnunulia aliye tumboni, umewafungulia mlango wenye husuda, na tena umejigawia riziki ambayo Mwenyezi Mungu hajakukabidhi. Akizaliwa atafungwa kwa leso kuukuu za mama yake na za bibi yake, na nguo zitafuata.

Mimi nilijitia ujuzi. Nilikuwa nimewafulia watu ambao hununua kitanda cha mtoto mimba ikiwa na miezi minne, na watoto wao niliwaona kwa macho yangu wakikimbia kando ya bwawa la kuogelea. Basi binti yangu wa pekee, aliyeolewa Mkongani, aliposhika mimba ya kwanza, nilifuma. Nilifuma seti nzima, nyeupe: sweta, kofia, soksi, na shali lenye pindo la mawimbi. Mimba ilipofika miezi mitano nikaipeleka mwenyewe. Binti yangu aliishika ile sweta, akaiweka juu ya tumbo lake kuipima, tukacheka wote wawili.

Siku nane baadaye mimba ikaharibika.

Watu walikuja kutupa pole. Hakuna aliyenilaumu, walikuwa na adabu zao. Ni binti yangu aliyesema, siku ya tatu, nikiwa nampa uji. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mama, ulifanya haraka." Kisha akanywa uji wake wote. Mimi nilitamani angeutupa.

Ile seti niliichukua nikaifumua kitanzi kwa kitanzi, uzi nikampelekea yule mama wa Ukunda. Aliupokea bila kuuliza, na nilimshukuru kwa kutouliza. Nilikuwa nimekwisha kujihukumu, nikajipa kosa zima.

Baada ya miaka miwili binti yangu akanipigia simu. Baada ya shikamoo hakuzungumzia mvua wala mahindi. "Mama, nina miezi mitatu," akasema. "Usifume."

Nikamwambia, "Sitafuma, mwanangu." Akakata simu.

Nilikwenda kumwuliza mwalimu wa madrasa, kwa kuwa nilitaka mtu mwenye elimu aniambie. Akaniambia kwa upole kwamba jambo hilo halina asili katika dini, kwamba uhai na mauti havimo katika sindano za mtu, na kwamba nisijitese. Nilimwelewa vizuri, nikamwambia jazakallah heri. Nikarudi nyumbani na bado nikaogopa.

Tatizo likawa mikono. Mikono yangu haijui kukaa bure, na kichwa kikiwa na wasiwasi ndiyo kabisa. Nikipika, chakula huisha kupikika. Nikafagia ua mpaka mume wangu akaniambia nikiendelea tutafika kwenye maji. Basi nikakata kauli kwamba nilichokatazwa ni kumfumia mtoto. Kufuma kwenyewe sikukatazwa. Nikaanza na redio.

Mume wangu hutengeneza mashine za boti kule Gazi, na hurudi nyumbani alasiri akinuka petroli. Alikuta redio imevaa, akaifungua vifungo, akasikiliza habari, akaifunga tena. Wiki iliyofuata akakuta chupa ya chai. Akajimiminia chai. Siku aliyokuta mtungi wa gesi alisimama mlangoni mwa jiko, akasema, "Mama, mimi nikae wapi nisivikwe?" Nikamwambia yeye yuko salama, uzi umekuwa ghali.

Mimba ilipofika miezi saba binti yangu akaletwa kwetu, kama ilivyo ada, ajifungulie kwao. Alimwamkia baba yake, akaniamkia mimi, kisha akaanza kuikagua nyumba. Alikagua kama afisa wa afya. Aliinua kofia ya birika, akaipima kwa ngumi, akaona ina tundu la mdomo wa birika, akaridhika kwamba si ya mtoto. Akafika kwenye rimoti.

"Mama, hii ni soksi?"

"Ni mfuko wa rimoti."

Akaugeuza. "Una kisigino."

Wallahi sikujua. Vidole vilikuwa vimejiendea vyenyewe njia viliyoizoea. Baba yake alikuwa akitazama televisheni iliyokuwa imezimwa. Nikauchukua ule mfuko, nikakaa chini mbele ya binti yangu, nikaufumua mpaka pale kilipoanzia kisigino, nikaufuma tena ukiwa umenyooka kama bomba. Alisimama akanitazama mpaka mwisho. Hakunikasirikia. Alikuwa anaogopa, nami nilikuwa naogopa, na kila mmoja alikuwa anaogopa kwa namna ya kumficha mwenzake.

Ikabidi tupatane juu ya yanayofaa na yasiyofaa. Kupika kulifaa, kwa hiyo tulipika. Asubuhi tulisaga mchele na nazi tukaumua mkate wa kumimina, yeye akikaa kwenye kiti na kukoroga, mimi nikishughulika na moto. Tulipika viazi vya nazi, tukapika mbaazi, tukapika samaki wa kupaka mpaka mume wangu akaongeza tundu kwenye mshipi wake. Kufua leso kuukuu kulifaa, maana leso kuukuu si nguo ya mtu. Kupinda leso mpya kulizua mjadala. Binti yangu aliona kupinda ni kushona, na kushona ni kutayarisha. Mimi niliona leso ni yake yeye, na lazima ipindwe isije ikachanika. Tulikubaliana nipinde pande mbili, zile nyingine zingoje.

Siku zile zilikuwa nzuri, nikisema kweli. Tulikaa barazani, yeye akichambua mchele, mimi nikifuma kitu kisicho na umbo la mtu, na tulizungumza habari za watu wengine. La mtoto hatukuligusa. Jina la mtoto halikutajwa, wala hatukusema "akizaliwa". Tulisema "mambo yakiwa mepesi".

Mambo hayakuwa mepesi. Mwezi mmoja kabla ya wakati, asubuhi, akiwa anakoroga unga, chupa ya uzazi ikampasuka. Akaweka mwiko chini, akanitazama, akasema, "Bado, mama. Siku hazijafika." Nilimwambia twende. Sikumwambia chochote cha kumtuliza kwa sababu sikuwa nacho. Baba yake alileta tuktuk, nami nikanyakua mkoba wangu na bunda la leso kuukuu.

Hospitalini walimchukua, mimi wakanionyesha benchi la ukumbini. Sijui nilisoma dua ngapi pale, nilikuwa nikianza moja na kumalizia nyingine. Mchana, kabla ya adhana ya adhuhuri, nikasikia mtoto akilia. Kilio kilikuwa chembamba, lakini kilikuwa na ghadhabu ndani yake, na hiyo ghadhabu ilinipendeza sana.

Nesi akatoka, msichana wa bara, mchangamfu. "Mama, hongera, ni msichana. Ni mdogo lakini anapumua poa. Tumemweka kifuani kwa mamake apate joto. Leta kofia ya sufu na soksi."

"Hatuna, mwanangu."

"Sweta?"

"Hatuna."

"Nguo yoyote ya mtoto?"

Nikamwonyesha leso. Akanitazama jinsi anavyotazamwa mtu asiyejali. "Mama, miezi yote hiyo hamkutayarisha hata kakofia kamoja?" Nyumbani kwangu hata rimoti ilikuwa na nguo. Sikumweleza. Nikamwuliza, "Kichwa chake kikubwa kiasi gani?"

Akafikiri, akakunja ngumi. "Kama hii. Ongeza kidogo."

Niliomba niishike ile ngumi. Nikaizungushia uzi, nikaupima, nikaongeza upana wa kidole kimoja. Mkobani nilikuwa na donge la uzi wa kahawia niliokusudia kufumia kifuniko cha ndoo, rangi ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angemvika mtoto. Nikakaa kwenye benchi nikashika sindano.

Sikuweza kuanza. Mikono yangu, ambayo haikunisikiliza miezi yote ile, sasa ilikuwa haitaki. Nikajiambia: keshazaliwa, umemsikia. Nikatia kitanzi cha kwanza. Keshazaliwa. Nikatia cha pili. Watu walipita na sahani za wagonjwa, mzee mmoja akakaa kando yangu akaniuliza kama nauza, mimi nikaendelea. Sijapata kufuma vibaya hivyo tangu Ukunda. Niliruka vitanzi viwili na sikurudi nyuma kuvifuata.

Alasiri ilipokaribia nikaruhusiwa kuingia. Binti yangu alikuwa amelala chali, mtoto yuko kifuani mwake chini ya leso, nywele tu ndizo zinazoonekana, nyeusi na zenye unyevu. Nikamnyoshea ile kofia. Hakuipokea. Aliitazama, na uso wake ukawa ule wa siku ya uji.

"Mama," akasema, "hii uliifuma lini?"

"Sasa hivi. Hapo nje kwenye benchi. Yeye nimekwisha kumsikia akilia ndipo nikaanza." Nikamwonyesha donge la uzi lililobaki. "Muulize nesi. Nimepimia ngumi yake."

Akaishika. Akaigeuza ndani, akaona ncha ya uzi bado inaning'inia, haijakatwa. Kisha akamvika mtoto, polepole, kwa vidole viwili. Ilimfika kwenye nyusi. Rangi haikumpendeza hata kidogo. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akalala.

Binti yangu alilia, mimi nikalia, na nesi akasogeza pazia ili watu wasitutazame. Alipomaliza kulia akaingiza mkono chini ya leso, akapapasa.

"Mama," akasema, "miguu yake pia ina baridi."

Nikamwambia nimesikia, nikatoka nikarudi kwenye benchi.