Truphena Anapika Tena

Kule Muhuru Bay ukisema mwanamke fulani anapika, hakuna atakayekuuliza anapika nini. Ugali kila mtu anapika, nani ahangaike kuutaja? Kupika, kwa watu wa ufuo ule, ni chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, basi. Na miaka ile kabla ya kubatizwa, hakuna aliyepika kumshinda Truphena. Alikuwa mjane mrefu, sauti yake nzito, mzaliwa wa Homa Bay aliyeolewa huku, ndiyo maana majirani walimwita nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay, hata kichwa kilipoanza kuota mvi.

Kisha akaingia Sabato. Akabatizwa ziwani mchana kweupe, akaapa mbele ya kanisa zima kwamba hatapika tena. Wateja wake nusura walie. Ryoba, Mkuria mmoja mchuuzi wa ng'ombe ambaye hakuwahi kupita mlango ule bila kuingia, alinuna kama aliyefiwa. Truphena hakujali. Alipokuwa akipika, waliomjua kwa jina walikuwa walevi na askari wa chifu. Sasa malaria ikimlaza, akina mama wa kanisa walimchotea maji na kumfulia nguo. Siku ya Sabato alikaa benchi la mbele pamoja na Mellen, mwimbishaji wa kwaya, na watu waliokuwa wakimkwepa njiani wakamwita dada. Jamani, mtu aliyeitwa mama pima, muuza pombe, maisha yake yote, akiitwa dada, huwezi kumwambia kitu! Benchi lile lilikuwa kila kitu kwake.

Basi ng'ombe wake wa maziwa akafa. Wakampasua, wakakuta tumbo limejaa karatasi za nailoni, zimesokotana kama kamba. Karatasi hizo zilikuwa zimeanza kuenea kila mahali miaka ile. Ukinunua sukari unafungiwa nailoni, ukinunua omena unafungiwa nailoni, na upepo wa ziwa ukishazipata unazitundika kwenye miiba yote mpaka Tanzania. Truphena alishikwa na hasira ya kweli. Akazizoa pamoja na mitungi ya plastiki iliyopasuka na ndoo zisizo na matako, akazirundika nyuma ya nyumba, akawasha moto.

Alipokuwa akikohoa pale penye moshi, akaona kipande cha mtungi kikichemka ndani ya sufuria kuukuu, kikitoa mvuke. Sasa, mambo mengine mwambie hajui, lakini mvuke anaujua. Mvuke ukiupitisha mahali pa baridi, unageuka kuwa kitu. Ukweli ni kwamba bomba lake la shaba la kupikia chang'aa hakuwa amelitupa. Shaba haitupwi ovyo.

Akachukua pipa la chuma, akalijaza plastiki, akaziba mfuniko kwa udongo na majivu, akapitisha bomba kwenye beseni la maji. Mara ya kwanza mfuniko uliruka ukaondoka na nyusi zake. Mara ya pili bomba liliziba kwa kitu kama nta ya mshumaa. Lakini hatimaye likaanza kudondosha mafuta, tone kwa tone, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Akayatia kwenye koroboi, akawasha utambi. Yawa! Moshi mweusi, harufu mbaya, lakini taa ikawaka. Wavuvi wa omena walipoyajaribu kwenye karabai zao yaliwazibia sindano, wakamrudishia kwa matusi. Hakuvunjika moyo. Jikoni kwake paliona mwanga, na vichaka vya jirani vikaanza kusafika.

Ila wewe mwenyewe fikiria. Pipa juu ya moto, bomba, beseni la maji, chupa inayodondoshewa, na mwenye mali ni Truphena! Mellen alipita kuomba chumvi, akashtuka kama aliyekanyaga moto.

"Dada, unafanya nini?"

"Napika," alijibu Truphena bila kuinua kichwa, kwa sababu kuna neno gani lingine? Alipoongeza kwamba ni plastiki, Mellen alikuwa ameshavuka ua, na chumvi ameisahau.

Kabla ya jua kutua ufuo mzima ulikuwa na habari. Mzee wa kanisa, Gichana, Mkisii aliyekuwa na duka la mahindi sokoni, alimjia akiwa amekunja uso.

"Dada Truphena, tumeambiwa unapika."

"Ni mafuta, mzee. Ya plastiki. Hebu nusa."

Gichana akarudi nyuma. Mzee wa kanisa anuse chupa uani kwa Truphena, watu wanapita? Ng'o! Akamwambia kwamba Sabato ijayo kanisa litaamua kama jina lake lifutwe, akaenda zake. Truphena aliketi chini kando ya pipa akalia kwa sauti, wala hakujali nani anamsikia.

Kuna mtu mmoja tu aliyefurahia habari ile. Ryoba aliposikia "Truphena anapika tena" aliacha ng'ombe mnadani. Alifika wakati Truphena yuko ziwani, akaona chupa imeegemezwa ukutani, akapiga funda moja la mtu mwenye kiu ya siku nyingi. Truphena alirudi akamkuta amelala kifudifudi, anakohoa, macho yanamtoka.

"Mama, umeniua!"

Alimshika mkono akamkokota hadi zahanati, na njiani roho ilikuwa mkononi. Kanisa lilimtoka kichwani kabisa; alichoomba ni mtu huyu asife. Ryoba hakufa. Alikohoa siku kadhaa, na kila alichokula kilikuwa na ladha ya taa.

Sabato ikafika, kanisa likajaa hadi madirishani. Truphena alisimama mbele.

"Sipiki pombe," alisema. "Niliapa hapa hapa, mbele za Mungu, na sijavunja kiapo. Njooni nyumbani muone."

Watu wakanong'ona. Mellen aliangalia viatu vyake. Gichana akauliza ni nani wanaokubali jina lifutwe, na mikono ikaanza kwenda juu, mmoja mmoja, pamoja na ile iliyomfulia nguo.

"Ngojeni kwanza!"

Alikuwa Ryoba mlangoni, amenyoa ndevu, amevaa koti la kuazima. Akasema aliiba chupa ya mama huyu, akanywa, na haikuwa pombe. Ilikuwa mafuta ya taa, tena mabaya.

"Utajuaje haikuwa pombe?" Gichana akamuuliza.

"Mzee, mimi nimekunywa ya huyu mama tangu ujana wangu. Ingekuwa pombe, ningeacha tone?"

Kanisa likaangua kicheko, hata akina mama wa kwaya. Mikono ikashuka, na Ryoba akaketi benchi la nyuma. Gichana alipangusa macho, akafungua mikono yake miwili.

"Dada yetu, kanisa limekuamini. Keti mahali pako."

Mellen akasogea haraka kumwachia nafasi, akapigapiga benchi kwa kiganja. 

"Hapana, mzee," alisema Truphena. "Mimi niliapa, mkainua mikono. Mliyemwamini ni Ryoba."

Akashuka taratibu katikati ya mabenchi, akaenda kuketi nyuma kabisa, kando ya yule mlevi.